UZI: Walivyomuaga rabi wao aliyekaa miaka 31, nikiwa mshika funguo wa sinagogi

#1 Mshika Funguo

Wakuu, salamu. Juzi humu kuna mtu aliuliza kama viongozi wa dini huwa wanastaafu kweli au wanafia madhabahuni. Nikasema ngoja nilete hiki kisa, maana nilikishuhudia kwa macho yangu.

Mimi ni Mchaga wa Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa. Niko jimbo la Ohio, Marekani, na huu ni mwaka wa kumi natunza jengo la sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Kazi yangu ni kufungua na kufunga, kudeki, kupanga viti, kukwangua theluji, na kubembeleza boila lenye umri kunizidi. Jina la sinagogi silitaji, na majina ya watu sitaji.

Rabi niliyemkuta pale alikuwa ameshakaa zaidi ya miaka 20. Mwaka jana mwezi wa sita akamaliza, jumla miaka 31. Watoto aliowatia jina walishaleta watoto wao naye akawatia jina.

Kwanza niwaeleweshe kitu kimoja, maana mimi mwenyewe kilinichukua muda. Rabi hapelekwi na askofu. Hakuna dayosisi ya kumhamisha. Waumini wenyewe, kupitia bodi yao, ndio wanaomtafuta, wanamhoji, wanampa mkataba wenye mshahara na likizo, na mkataba ukiisha wanaongeza au wanaachana. Na jambo la pili: ibada haimhitaji. Muumini yeyote mtu mzima anayejua kusoma Kiebrania anaweza kusimama mbele akaongoza sala. Neno lenyewe rabi maana yake ni mwalimu wangu. Kinachohitajika ili sala kamili isomwe ni Wayahudi watu wazima 10, wanaita minyani. Bila kumi, rabi awe mkubwa namna gani, kuna sala hazisomwi, mojawapo ni Kadishi, ile ya waliofiwa, ambayo mtu akifiwa na mzazi anaisoma kila siku kwa miezi 11.

Sasa nimwelezee huyu mzee. Asubuhi moja ya Januari, barafu imetanda, mama mmoja amekuja kumsomea baba yake Kadishi. Wako tisa. Mimi nimesimama mlangoni na dekio. Rabi akaniangalia, akaangalia wale tisa, akacheka, maana mimi si Myahudi, sihesabiki. Akanyanyua simu. Akapiga kwa mtu, akapiga kwa mwingine, baada ya dakika 20 akaingia babu mmoja kavaa koti juu ya nguo za kulalia. Wakaanza.

Naenda kazini, nitaendelea jioni.

#2 Binti Makorora

Nimeweka kiti mbele. Usije ukatuacha njiani kama wale wa simulizi za mizimu.

#3 Kalamu Kavu

Mkuu, Mlutheri unafanyaje kazi kwenye sinagogi? Hawakukubadilisha dini?

#4 Mshika Funguo

@Kalamu Kavu hawana habari hiyo kabisa. Wao hawatafuti waongofu, na anayekuja mwenyewe kutaka kuingia, desturi ya zamani ni kumkatisha tamaa kwanza mara tatu waone kama kweli anataka. Miaka yote rabi aliniuliza habari za kanisani kwangu tu, na kila Desemba ananisukuma niende nyumbani mapema.

Tuendelee.

Aliwaambia waumini mwaka mmoja na nusu kabla. Hapo ndipo nilipoona taasisi nzima inavyotikisika. Ikaundwa kamati ya kumuaga, ikaundwa kamati ya kumtafuta wa muda, maana kwao mtu akikaa muda mrefu vile, mara nyingi hawaweki mrithi moja kwa moja. Wanaleta rabi wa mpito wa mwaka mmoja hivi, ambaye kila mtu anajua haji kukaa. Kazi yake ni kubeba lawama. Watu wamlinganishe na yule wa zamani, wamkasirikie, wamchoke, halafu wa kudumu aje bila mzigo huo. Mimi naona ni akili kubwa sana hiyo. Makanisani kwetu tungeiga, wachungaji wangapi wameuawa na kivuli cha aliyetangulia.

Wiki mbili kabla ya kuondoka aliniita tukazike vitabu.

Naam, vitabu. Kitabu chenye jina la Mungu kwa Kiebrania hawachomi wala hawatupi. Kikichakaa kinawekwa mahali maalumu, pale kwetu ni kabati la chini karibu na boila langu, likijaa vinapelekwa makaburini vinazikwa kama mtu. Lile kabati lilikuwa halijaguswa miaka. Rabi alitaka amwachie mwenzake kabati tupu. Basi siku ya Alhamisi, yeye kavaa jinzi na raba, mimi nimeendesha gari la mizigo, tumebeba maboksi 14 ya vitabu vya sala vilivyofumuka, taliti (yale mashali ya sala yenye vishada) zilizotoboka, makaratasi ya watoto wa madrasa yao ya Jumapili. Shimo lilikuwa limeshachimbwa na watu wa makaburi. Tukapanga maboksi. Halafu akachukua koleo akaanza kufukia. Akichoka, hanipi mkononi. Analichomeka kwenye udongo, anarudi nyuma, mimi nalichukua hapo. Nikadhani ameudhika na kitu. Kumbe ndiyo desturi yao msibani: koleo halipokezanwi mkono kwa mkono, ili huzuni isipitishwe kwa mwingine. Akaifanya hata kwa vitabu.

Tulipomaliza akanionyesha makaburi. Huyu nilimzika, huyu nilimzika, huyu nilimwozesha kisha nikamzika. Akafika kwenye moja akanyamaza, akaokota kijiwe akakiweka juu ya jiwe la kaburi, tukaondoka. Sikuuliza.

#5 Mzee wa Kashata

Dah. Hapo kwenye koleo nimesimama. Huku pwani nasi kwenye kufukia kila mtu anataka ashike jembe walau mara tatu, lakini tunapokonyana.

#6 Pilipili Manga

Hawa jamaa ndio wale wale wa vita vya Mashariki ya Kati, leo mnawapamba humu

#7 Mlinzi wa Jukwaa

@Pilipili Manga uzi wa siasa za huko upo jukwaa la kimataifa. Hapa tunaongelea mtu na waumini wake. Ukirudia unapumzishwa wiki.

#8 Mushi wa Kenya

Mimi ni Mkenya, jina tu linawachanganya. Watu wa Nairobi wengi hupita pale makutano ya Uhuru Highway na University Way kila siku hawajui lile jengo ni la nani. Ndilo Nairobi Hebrew Congregation. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa 1912, hili la sasa ni la miaka ya hamsini. Na msisahau mwaka 1903 Mwingereza alitaka kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu wafanye kwao. Wakaleta watu wakakagua, 1905 wakakataa. Fikiria Eldoret ingekuwaje leo.

Swali langu kwa mleta mada: siku yenyewe ya kumuaga ilikuwaje? Kulikuwa na MC?

#9 Mshika Funguo

@Mushi hahaha, MC! Ngoja.

Siku walichagua Sabato, Jumamosi. Na hapa ndipo Mbongo ndani yangu alipopata taabu. Sisi mtu akiagwa kuna kamati, kuna sare, kuna MC anapiga kelele, kuna mpiga picha kapanda juu ya meza, zawadi zinaingia kwa kucheza. Pale Sabato hakuna kupiga picha. Hakuna kuandika. Hakuna kukabidhi hundi wala zawadi. Viti nilipanga 380 nikaongeza 40 vya plastiki, vikajaa, watu wamesimama ukutani, wengine wametoka majimbo mengine, na hakuna hata simu moja hewani. Mtu aliyekaa miaka 31 anaondoka na hakuna anayerekodi. Watu walikuwa wanamtazama tu. Nilikuwa sijawahi kuona watu zaidi ya 400 wanamtazama mtu mmoja namna ile, bila kioo katikati.

Kila wiki wana sehemu yao ya Torati, mwaka mzima wanazunguka vitabu vitano. Wiki ile ikaangukia Hesabu sura ya 19 na kuendelea. Hawakuichagua, ni ratiba. Nenda kasome sura ya 20: Miriamu anakufa, Musa anapiga mwamba anaambiwa hutaingia nchi ya ahadi, halafu Musa na Haruni na Eleazari wanapanda mlima wa Hori, Musa anamvua Haruni mavazi yake ya ukuhani anamvika Eleazari mwanawe, na Haruni anafia kule juu. Watu wakamlilia siku 30.

Kila mtu alijua atahubiri nini. Haruni, mavazi, kupokezana. Bibi mmoja alinong'ona amekuja na vitambaa vitatu.

Hakuhubiri Haruni. Alihubiri yale maji ya mwamba. Akasema watu walikuwa na kiu kweli, na Musa alichoka kweli, na kosa lake lilikuwa kuwaita waasi mbele ya watu wote wakati walikuwa wanaomba maji tu. Kisha akataja mara ambazo yeye mwenyewe alichoka. Hakutaja majina ila watu walijijua. Alitaja mazishi aliyochelewa. Alitaja familia aliyoijibu vibaya kwenye korido, wakahama sinagogi. Dakika kama 12, akakaa. Hakuna kupiga makofi kule, kwa hiyo palikuwa kimya, unasikia feni tu.

Kisha wakatoa magombo ya Torati kwenye sanduku lao takatifu. Gombo moja ni herufi 304,805, kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya juu ya ngozi, mwandishi anatumia karibu mwaka mzima. Ni zito, kama mtoto wa mwaka. Rabi akalikumbatia lile la zamani kuliko yote, akampa mwenyekiti wa bodi, naye akampa aliyemtangulia kwenye uenyekiti, likashuka mkono kwa mkono mpaka kwa binti wa miaka 13 ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho kusomeshwa na yeye. Binti alitetemeka. Ukiliangusha kuna desturi ya kufunga kula, na si wewe peke yako, hata walioona. Nami nikatetemeka naye.

Mwisho. Kwa kawaida ibada ikiisha yeye anainua mikono anawabariki. Siku ile kabla hajainua, yule babu wa koti na nguo za kulalia akasimama, akaja mbele kwa mkongojo, akamwekea mkono kichwani, na kanisa zima (samahani, sinagogi zima) likamsomea yeye, kwa Kiebrania, yale maneno ya Hesabu 6 ambayo sisi Walutheri tunafungia ibada kila Jumapili: "BWANA akubarikie, na kukulinda." Mimi nimesimama mlangoni na funguo zangu nikayasema kwa Kiswahili. Yaliisha pamoja.

Kisha chakula. Samaki wa moshi, saladi ya mayai, ile mikate ya duara yenye tundu, keki. Foleni mpaka nje. Wayahudi na Wachaga kwenye chakula ni ndugu, hapo sibishi.

Picha na zawadi vilisubiri nyota. Juni kule giza linachelewa, Sabato ilikwisha karibu saa nne usiku. Wakakusanyika uani kwa ile sala ya kuaga Sabato, Havdala: divai, kikopo cha viungo kinachopitishwa kila mtu anuse, karafuu na mdalasini kama biriani inaanza, na mshumaa wa kusukwa wenye tambi nyingi. Mshumaa ukazimwa kwenye divai, pssss. Hapo ndipo simu zote zilipowaka kwa pamoja, uwanja ukawa kama mchana. Walichompa nakiacha, ni chao.

#10 Binti Makorora

Nimelia kwenye daladala kwa sababu ya rabi nisiyemjua. Asante sana kaka.

#11 Kijana wa Kenya-Commune

Jambo yenu bote. Miye ni mutu wa Lubumbashi, Congo, musicheke Kiswahili yangu, nitajikaza niandike kile cha shule.

Ndugu mleta mada, huyo wako ni miaka 31. Hapa kwetu kulikuwa na Rabi Moïse Lévy. Alifika mwaka 1937, mji ukiitwa bado Élisabethville, akabaki mpaka 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 54.

Waumini wake wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, Bahari ya Kati. Kwao walikuwa wanasema Kihispania cha zamani, kile cha Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492. Walikuja huku kufanya biashara ya nguo, samaki, unga, na wafanyakazi wa mugodi walikuwa wateja wao, kwa hiyo walijua Kiswahili chetu vizuri. Baba yake Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wetu, aliitwa Nissim Soriano, alikuwa mmoja wao, mfanyabiashara wa samaki kule ziwa Mweru. Sinagogi walijenga 1930, na bado limesimama.

Sasa sikiliza. Mwezi wa saba 1944 Wajerumani walikamata karibu Wayahudi wote waliobaki Rhodes, watu karibu 1,700, wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi ni kama 150. Yaani hawa wa Élisabethville, ambao walikuwa wanatuma pesa kwa mama zao, walibaki bila kijiji. Waliokuwa wameondoka kutafuta maisha ndio waliopona. Na rabi wao ndiye alipaswa kusimama mbele yao.

Kisha ikaja 1960, uhuru, jimbo letu la Katanga likajitenga, vita, watu wakaanza kuondoka. Ikaja Novemba 1973, Mobutu akanyang'anya maduka ya wageni, wakaondoka tena. Congo nzima ilikuwa na Wayahudi kama 2,500 kabla ya uhuru. Kwenye familia moja wanakwenda Brussels, nyingine Cape Town, nyingine Israeli. Mwaka 1991 askari waliasi, wakapora Kinshasa na hapa, ikawa mwisho kwa wengi.

Njo vile. Waumini wa kwenu waliaga rabi. Hapa rabi ndiye aliyeaga waumini, familia baada ya familia, karibu miaka 30, mpaka akabaki kuaga jengo.

#12 Mshika Funguo

@Kijana wa Kenya-Commune ndugu, umenifunga mdomo. Nimesoma mara mbili. Kesho namtumia huyu mzee wangu, nitamtafsiria.

#13 Kalamu Kavu

Sikujua kabisa habari ya Katumbi. Uzi umepanda daraja.

#14 Mwana wa Mbale

Nami niongeze la Uganda. Huku Mbale tuna Abayudaya, yaani Wayahudi wa hapa hapa, hawakutoka Rhodes wala wapi, ni Waganda na Wagisu. Semei Kakungulu, yule jemadari, aligombana na Waingereza, akasoma Biblia akaamua kufuata Torati, 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Idi Amin akawapiga marufuku, wakawa wanasali kwa kificho. Amin alianguka Aprili 1979, na siku Kampala inatekwa, jioni yake Pasaka yao inaanza. Hilo huwaambii ni bahati.

Kuhusu mada: Gershom Sizomu, kiongozi wetu, alipokwenda Los Angeles kusomea urabi, alikuwa huko miaka mingi, akapata daraja 2008. Wakati huo wote hapa Nabugoye watu walisali vilevile. Alivyosema mleta mada ni kweli, ibada haimsubiri mtu. Aliporudi, 2016 akaingia na bungeni. Kwa hiyo sisi bado hatujaagana na yeyote, labda wapiga kura.

#15 Mzee wa Kashata

Mleta mada, unadaiwa. Huyo rabi yuko wapi sasa? Bado anakuja?

#16 Mshika Funguo

Mzee wangu, nilitaka niishie pale kwenye mshumaa lakini kwa kuwa umeuliza.

Jumatatu alikuja kurudisha funguo. Funguo tano kwenye kamba ya kiatu. Moja haikufungua kitu chochote jengo zima, tulijaribu milango yote pamoja, tukaiacha kwenye droo yangu, bado ipo.

Makubaliano yao ni kwamba rabi mstaafu anakaa mbali mwaka mzima. Haji ibadani, na mtu akimpigia simu amzikie mama yake, anamwelekeza kwa aliyepo. Hili lilileta ugomvi, sitaficha. Kuna familia ilifiwa Septemba, ikamtaka yeye na si mwingine, akakataa, akaenda mazishini akasimama nyuma kama jirani tu. Wengine wakasema ana roho ngumu. Mimi nadhani lilimgharimu kuliko lilivyowagharimu, ila hayo ni mawazo ya mshika funguo.

Mwezi uliopita mwaka ulitimia. Jumamosi asubuhi nikamwona anapanda ngazi na mkewe, kavaa taliti yake. Rabi wa mpito alikuwa anaongoza. Mzee akaingia mlangoni, akasimama. Kumbuka, miaka 31 alikuwa anakaa mbele, anawatazama wao. Hakuwahi kuwa na kiti upande huu. Na pale kila mtu ana kiti chake, hakijaandikwa jina lakini ukikikalia utaangaliwa. Nikaona anatafuta kwa macho, safu hii, safu ile. Nikaanza kwenda kuchukua cha plastiki.

Yule bibi wa vitambaa vitatu akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake. Mzee akakaa, mkewe akapata nafasi nyuma yake. Akafungua kitabu cha sala, akaanza kupekua mbele na nyuma. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anawatangazia watu ukurasa. Bibi akamtazama kidogo, akanyoosha kidole akamwonyesha.